Kupima alkali kwa asidi: Kiswahili cha bureti, pipeti na kikomo cha rangi

Katika shule ya sekondari ya kata, iwe ya Ngara au ya Biharamulo, somo la kemia huendeshwa kwa lugha zinazogawana kazi. Ubaoni, kitabuni na katika mtihani ni Kiingereza. Mdomoni, mwalimu anapopita kati ya meza akimrekebisha aliyeshika bureti vibaya, ni Kiswahili. Mwanafunzi mwenyewe huenda amekulia katika Kihangaza, Kisubi, Kizinza au Kisukuma, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anakabiliwa na jaribio lililoandikwa kwa lugha ya tatu. Katika hali hiyo, maelekezo yanayouongoza mkono wake ni yale ya mdomoni. Maelekezo hayo hayaandikwi popote wala hayahaririwi na mtu, na mara nyingi ni vitenzi vya Kiingereza vilivyovishwa viambishi vya Kibantu: tunatitreti, umerinsi, usiblo. Kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila shule ya sekondari, iliyopamba moto miaka ya 2014 na 2015, iliongeza vyumba na meza. Msamiati haukuwamo katika bajeti.

Makala hii inafuata jaribio moja tu, lile la kupima ukolevu wa alkali kwa kuidondoshea asidi hadi rangi igeuke. Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtahiniwa wa kemia wa kidato cha nne hulipitia, na kwa sababu linaonyesha vizuri mahali ambapo lugha yetu huteleza. Wafasiri wengi hudhani ugumu uko katika majina ya vifaa. Majina ndiyo sehemu nyepesi: bureti, pipeti, bika, koki, faneli na stendi yamekwisha kuingia, na tangu Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilipotoka mwaka 1990, mwenye shaka juu ya nomino ana pa kuanzia. Ugumu uko katika maneno tunayodhani tunayajua: kivumishi kali, kivumishi eupe, na kiunganishi kifupi kuliko vyote, na. Maneno hayo matatu yanaweza kumharibia mwanafunzi jibu, na moja kati yake linaweza kumuunguza uso.

Jina la jaribio lenyewe

Asili ya titresheni ni neno la Kifaransa titre, ambalo pamoja na maana ya cheo au kichwa cha habari lilitumiwa na masonara kwa maana ya kiwango cha dhahabu halisi ndani ya mchanganyiko wa madini. Kupima titre kulikuwa kujua ni kiasi gani cha kitu cha thamani kimo ndani ya kitu kisicho safi. Wanakemia wa Ufaransa walilichukua neno hilo kwa vimiminika. Descroizilles alitengeneza bureti ya kwanza mwaka 1791, naye Gay-Lussac, mwaka 1824, akaeneza majina bureti na pipeti tunayoyatumia hadi leo.

Kwa hiyo neno hili halikuwa na uhusiano wowote na matone. Lilihusu ubora na kiasi. Nalisema hili kwa sababu wako wanaopendekeza istilahi zinazotokana na tone peke yake, kana kwamba kudondosha ndiko lengo. Kudondosha ni njia, na lengo ni kujua ukolevu. Katika kichwa cha habari andika titresheni. Mara ya kwanza inapotajwa ieleze kama upimaji wa ukolevu kwa kudondosha, kisha katika maelekezo tumia kitenzi pima. Kutitreti si dhambi katika mazungumzo ya maabara, lakini katika maandishi kitenzi hicho kina kasoro: hakina mnyambuliko unaokubalika. Hakuna anayejua kwa yakini kama ni ilititretiwa, ilititretiwi au ilititretishwa. Pima inanyambulika bila kumsumbua mtu.

Asidi, tindikali, alkali, besi

Asidi na tindikali ni kitu kimoja, ila hayafanyi kazi moja. Tindikali limechukuliwa na magazeti: mtu amemwagiwa tindikali. Msomaji wa Kitanzania akilisikia huona jeraha kabla hajaona chupa. Katika maandishi ya shule, asidi ni bora, kwani maji ya ndimu nayo ni asidi na hakuna anayeyaogopa. Mfasiri anayebadilishabadilisha maneno haya mawili ndani ya ukurasa mmoja kwa ajili ya kupamba lugha anamfanya mwanafunzi afikiri kuna vitu viwili.

Alkali ni neno la Kiarabu lililotufikia kwa kupitia Ulaya. Al-qily yalikuwa majivu ya mimea ya ardhi yenye chumvi, yaliyotumika kutengenezea sabuni na kioo. Mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona maji ya majivu yakichujwa, au magadi yakitiwa katika maharage magumu ili yaive upesi, anaijua alkali kwa kazi yake kabla ya kuijua kwa jina. Mtengeneza sabuni wa mtaani naye anaijua kama kostiki, ambayo ni hidroksidi ya sodiamu ileile iliyomo katika chupa ya maabara. Besi ni neno pana zaidi: kila alkali ni besi, lakini besi huitwa alkali pale tu inapomumunyika katika maji. Oksidi ya shaba ni besi, si alkali. Hutaipima kwa njia hii moja kwa moja.

Hapa niongeze neno juu ya kumumunyika. Sukari katika chai haiyeyuki, inamumunyika. Kinachoyeyuka ni barafu au samli. Mazungumzo ya kawaida huyachanganya maneno haya bila madhara, lakini maabara inahitaji yote mawili, kwa hiyo kitu kilichomumunyishwa katika maji ni mmumunyo, na myeyuko uachiwe joto.

Kali ipi?

Jua kali, kisu kikali, mwalimu mkali, pilipili kali, embe kali, mbwa mkali. Kivumishi hiki ni mtumishi wa nyumba kumi. Tunaposema asidi kali, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba ni chachu sana, au ni ya hatari, au imekolea, au ina nguvu kwa maana ya kikemia. Maana mbili za mwanzo hazisumbui. Mbili za mwisho ndizo zinazopoteza watu.

Asidi iliyokolea ni ile yenye kiasi kikubwa cha asidi katika ujazo mdogo wa maji. Kinyume chake ni asidi iliyozimuliwa. Kuzimua ni kupunguza ukolevu kwa kuongeza maji, neno zuri na la kale ambalo wanywaji pombe wamelikodi kwa maana ya kile kidogo cha asubuhi kinachopunguza makali ya jana. Asidi yenye nguvu ni habari nyingine kabisa. Ni ile ambayo molekuli zake karibu zote huachia haidrojeni yake kwa namna ya ioni inapoingia katika maji. Kinyume chake ni asidi dhaifu, ambayo sehemu ndogo tu ya molekuli zake hufanya hivyo. Asidi ya hidrokloriki ina nguvu hata ikizimuliwa hadi molari 0.1. Asidi ya siki ni dhaifu hata ikiwa imekolea kiasi cha kuunguza ngozi.

Mtu akiuliza kuna tofauti gani kivitendo, jibu limo katika kichupa cha kiashiria. Fenolftaleini hugeuka rangi kati ya pH 8.2 na 10 hivi; methili chungwa kati ya 3.1 na 4.4. Asidi yenye nguvu ikikutana na alkali yenye nguvu, pH huruka ghafla kiasi kwamba kiashiria chochote kati ya hivyo viwili kitafaa. Lakini tuseme asidi ni ya siki na alkali ni hidroksidi ya sodiamu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba asidi hii ni kali kwa sababu inachoma pua ataona hakuna tofauti, atatia methili chungwa, na manjano yatadumu muda mrefu baada ya alkali kwisha. Ataendelea kufungua koki, na rangi itajivuta polepole bila kuonyesha mahali ilipogeukia. Hesabu yake haitapotoka kwa sehemu ya kumi, itapotoka kabisa. Kinyume cha kosa hilo hutokea panapopimwa kaboneti ya sodiamu, alkali dhaifu, kwa asidi yenye nguvu: hapo methili chungwa ndiyo inayotakiwa.

Ushauri wangu ni kukiondoa kivumishi kali katika maelezo ya kemia na kukibakiza kwenye lebo ya tahadhari. Katika maelezo sema imekolea au imezimuliwa unapozungumzia maji, na yenye nguvu au dhaifu unapozungumzia tabia ya asidi yenyewe.

Kuna mtego mwingine jirani. Kupunguza ukali, kwa Kiswahili cha nyumbani, kunaweza kufanywa kwa maji au kwa kitu kinachoua ule ukali. Katika kemia hizo ni kazi mbili. Maji huzimua. Alkali na asidi hutanguana, na nalichagua kutanguana kwa sababu kauli yake ya kutendana inaonyesha kwamba hakuna mshindi: zote mbili hupotea, zikaacha chumvi na maji. Mwanafunzi asiyetofautisha mambo haya hushtuka akiona mwalimu anamwagia maji ndani ya chupa katikati ya jaribio ili kuteremsha matone yaliyonata ukutani. Hudhani jaribio limeharibika. Halijaharibika. Ukolevu wa kilichomo chupani umepungua, kiasi cha alkali hakikupungua, na kiasi ndicho kinachopimwa. Kijiko kimoja cha sukari hubaki kijiko kimoja katika kikombe au katika birika.

Na, kwa, katika

Changanya asidi na maji. Changanya maji na asidi. Kwa mwenye Kiswahili, sentensi hizi mbili ni moja. Kiunganishi na hakisemi nani alitangulia. Huviweka vitu viwili bega kwa bega. Lakini asidi ya salfuriki iliyokolea inapokutana na maji hutoa joto jingi, na maji machache yakimiminwa juu ya asidi nyingi huchemka papo hapo na kurusha asidi kwa aliyesimama karibu. Kanuni ya usalama kwa hiyo ni kanuni ya mpangilio, na mpangilio huo hauwezi kubebwa na na. Andika: mimina asidi katika maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kisha andika katazo lake kwa ukamilifu: usimimine maji katika asidi. Nimesoma tafsiri za kanuni za maabara zilizobandikwa mlangoni zikisema tu kwamba asidi na maji vichanganywe kwa uangalifu. Uangalifu hauwezi kufidia kihusishi.

Katika titresheni yenyewe kosa hili halimuunguzi mtu, ila humwacha hajui amimine nini wapi. Kupima asidi na alkali hakuonyeshi kipi kimo katika bureti na kipi kimo katika chupa. Kiswahili kina kihusishi cha chombo cha kazi: tunakata mkate kwa kisu, tunapima unga kwa kibaba. Basi tupime alkali kwa asidi. Kinachotajwa kwanza ndicho kinachopimwa, nacho kimo chupani. Kinachofuata kwa ndicho kipimio, nacho kimo katika bureti. Shuleni mara nyingi asidi ndiyo huwekwa katika bureti, na ipo sababu ya kimaada: alkali ikikaa katika bureti yenye koki ya kioo huweza kuigandisha.

Mkono unavyofanya kazi

Hapa Kiswahili hakina sababu ya kukopa. Vitenzi vyake vya maji ni vingi na vinapangana vizuri kuliko vile vya lugha tunayoitafsiri.

Kwanza ni kusuza, si kuosha. Kuosha kuna sabuni na kusugua. Kusuza ni kupitisha kimiminika ili kiondoke na mabaki. Bureti husuzwa kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa asidi ileile itakayojazwa. Pipeti husuzwa kwa maji, kisha kwa alkali. Chupa husuzwa kwa maji peke yake, kwa kuwa ukiisuza kwa alkali utaongeza alkali ambayo pipeti haikuipima. Hata kabla ya kueleza sababu, mwalimu akisema suza kwa, na akataja kimiminika, tayari ametoa nusu ya maelezo. Kukeneka, kwa wasiolizoea, ni kugeuza kimiminika kuwa mvuke na kuupoza urudi kimiminika. Wapika gongo hufanya kazi hiyohiyo. Usitumie maji ya betri kwa maana ya maji yaliyokenekwa. Wako wanaoliita hivyo, na wako wanaotumia jina hilohilo kwa asidi iliyomo ndani ya betri.

Pipeti inavuta. Kitenzi nyonya kimezoeleka, na kwa muda mrefu kilisema ukweli, maana pipeti zilivutwa kwa mdomo. Ndiyo sababu kiachwe. Mtoto hunyonya kwa mdomo, na mwanafunzi anayeambiwa anyonye atafanya kile kitenzi kinachosema. Vuta kwa mpira hadi kimiminika kipite alama, kisha kiteremshe taratibu hadi alama. Kwa kutoa, acha kishuke chenyewe, gusisha ncha ya pipeti kwenye ukuta wa chupa, na usipulize tone linalobaki nchani: aliyeichora alama ya pipeti alikwisha kulihesabu tone hilo kuwa litabaki.

Chupa yenye kitako kipana na shingo nyembamba nimezoea kuiita chupa ya umbo la pia. Pia ni istilahi ya hisabati kwa umbo hilo, nayo ilitoka kwa kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba. Wanafunzi hucheka wakidhani ni ile pia yenye maana ya vilevile. Wacha wacheke, watalikumbuka. Na kama ile ya kuchezea, chupa hii huzungushwa. Haitikiswi juu chini, wala haisukwisukwi kama kibuyu cha maziwa, maana alkali itarukia shingoni isikutane na asidi.

Uso wa kimiminika ndani ya bureti haukai sawa, hubonyea katikati. Jina lake la kimataifa linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi mdogo, na Kiswahili tayari kina mwezi mdogo: hilali. Napendekeza hilali, na usomaji ufanywe kwenye kitako cha hilali, jicho likiwa usawa mmoja nacho. Faneli iondolewe kabla ya kusoma, kwa kuwa itadondosha.

Sasa koki inafunguliwa. Kimiminika hutiririka kikiwa mkondo, huchirizika kikiwa uzi mwembamba, na hudondoka kikiwa tone moja moja. Mwanafunzi hodari hupitia hatua hizo: katika jaribio la awali anaacha asidi itiririke ili apate makisio, katika majaribio yanayofuata anaiacha ichirizike hadi akaribie makisio hayo, kisha anabana koki ili idondoke, akizungusha chupa baada ya kila tone. Mwalimu anaweza kusema isichirizike tena, sasa idondoke, na hakuna haja ya neno la kigeni. Naepuka tonesha kwa sababu moja: kutonesha kidonda ni kukigusa kikauma upya, na kwa wengi maana hiyo ndiyo inayokuja kwanza.

Eupe si kutokuwa na rangi

Fenolftaleini katika alkali huwa na rangi ya waridi iliyokoza. Asidi inapomaliza alkali, rangi hutoweka. Mwanafunzi anaandika nini? Kwa Kiswahili cha nyumbani, maji yakiwa safi ni meupe. Tunasema maji meupe tukimaanisha yale ambayo tunaweza kuona kitako cha ndoo. Lakini maziwa nayo ni meupe, na chokaa ni nyeupe. Kivumishi kimoja kinabeba kitu kinachopitisha nuru yote na kitu kinachoirudisha yote. Katika kemia hivi ni vitu viwili vinavyopingana, na mahali pengine katika mtihani uleule wa vitendo, mwanafunzi anapochunguza chumvi asiyoijua, mashapo meupe ni ushahidi wa kitu fulani na mmumunyo usio na rangi ni ushahidi wa kutokuwapo kwake. Anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huhamisha eupe bila kujua. Jibu linakuwa kosa, ilhali macho yake yaliona sawasawa.

Kwa hiyo: isiyo na rangi, kila mara, kwa kimiminika kilichotoka katika waridi. Angavu inaeleza jambo jingine, kwamba nuru inapita. Mmumunyo unaweza kuwa angavu na bado ukawa na rangi ya waridi au ya buluu.

Rangi za methili chungwa zina ugumu wa namna nyingine. Majina yetu mengi ya rangi yametokana na vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, chungwa ni tunda, waridi ni ua, kahawia ni kahawa, na Watanzania wana ile damu ya mzee ambayo sijapata kuona kemia yake. Kitu huwa na wigo mpana. Chungwa la Biharamulo likiiva huenda likabaki na ukijani kwenye ganda. Hivyo mwalimu hawezi kutegemea jina pekee katika jaribio ambalo kikomo chake ni kuondoka kwa manjano kuingia chungwa kabla ya kufika wekundu. Dawa si istilahi mpya. Iwekwe chupa ya pili ya kulinganishia, yenye rangi inayotakiwa, juu ya kigae cheupe kando ya ile inayofanyiwa kazi. Jina lifuate baada ya jicho.

Kikomo, nimesema, na sisemi ncha ya mwisho, ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno isiyo na uhai. Kikomo cha rangi ni pale jicho linapoona badiliko lisilorudi baada ya kuzungusha. Nukta ya ulinganifu ni pale moli za asidi zilizoingia zinapolingana na mahitaji ya alkali kwa mujibu wa mlinganyo. Ya kwanza inaonekana, ya pili inakokotolewa, na kiashiria kilichochaguliwa vizuri ni kile kinachozifanya zikaribiane.

Matamshi na tahajia

Maeneo haya yana lugha zinazoichukulia l na r kwa njia tofauti. Msemaji wa Kisukuma huelekea kwenye l, wa Kihangaza kwenye r. Meza moja ya maabara ya Biharamulo inaweza kuwa na buleti na ritimasi kwa pamoja, na hakuna asiyeelewa. Katika matamshi nisingemkosoa mtu. Katika maandishi kuna mahali pamoja pa kuangalia: molari, kipimo cha ukolevu, ikigeuzwa inakuwa morali, nalo ni neno lenye maana yake. Fenolftaleini, kwa upande wake, ni mzigo kwa kila Mbantu, na ndiyo maana wanafunzi huiita POP. Ufupisho huo uruhusiwe katika jedwali, mradi jina kamili limeandikwa mara moja juu.

Hesabu kwa maneno

Tuseme sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolevu wa molari 0.1 zimepimwa kwa asidi ya hidrokloriki, na ujazo wa asidi uliotumika ni 25.1 katika jaribio la awali, kisha 24.5, 24.6 na 24.4. Jaribio la awali halimo katika wastani. Wastani wa matatu yanayoafikiana ni 24.5. Alkali iliyokuwa chupani ni moli 0.0025, moli moja ya asidi hutanguana na moli moja ya alkali hii, kwa hiyo asidi iliyoingia nayo ni moli 0.0025, na ukolevu wake ni molari 0.102. Jibu litajwe pamoja na kipimo chake, na kwa Kiswahili kipimo hutangulia namba: molari 0.102, sentimita za ujazo 24.5.

Mfano huu, kama ulivyoona, unautafuta ukolevu wa kile kilichokuwa ndani ya bureti, ingawa nimesema kinachopimwa ni kilichomo chupani. Hilo ni jambo la kawaida. Kilichomo chupani kikiwa ndicho kinachojulikana, sema umesanifisha asidi kwa alkali, na usanifishaji uwe neno la kazi hiyo.

Kinachobaki chupani baada ya kikomo ni mmumunyo wa chumvi, safari hii chumvi hasa, kloridi ya sodiamu ya jikoni. Lakini katika kemia chumvi ni jina la jamii nzima: asidi ya salfuriki ingezaa salfeti, ya nitriki ingezaa nitreti, na zote ni chumvi. Nomino hii haibadiliki umbo katika wingi, hivyo chumvi nyingi inaweza kusomwa kuwa vijiko vingi au jamii nyingi. Andika aina nyingi za chumvi unapokusudia ya pili. Na ile iliyomo chupani, hata kama ni ya jikoni, haionjwi, maana imechanganyika na kiashiria.